"Mama, bahari imeenda wapi?": fungate, wakala na cha juu

Swali: "Shikamoo mama. Nafunga ndoa Mwanza, Jumamosi tarehe 14 Novemba 2026. Kamati imeahidi kutupa shilingi milioni 4 za fungate na mwenzangu ana akiba ya milioni 1. Yeye anataka Serengeti, mimi nataka bahari maana sijawahi kuiona. Kuna ukurasa Instagram wanauza 'pakeji ya fungate' mbili: Zanzibar siku nne, na maua kitandani na chakula cha mishumaa, au Serengeti siku tatu kuanzia Arusha. Zote mbili ndege ni Jumapili alfajiri. Rafiki yangu anasema wakala ni wa wazungu, sisi tubuku wenyewe kwenye simu kwa sababu wakala anaweka cha juu. Wakala mwingine tulimfuata ofisini, hakututajia hata bei, akaanza kutuhoji: mnalala saa ngapi, nani anaogopa maji, nani amechoka zaidi. Mwenzangu akasema huyu mmbea, tuondoke. Tufanyeje?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza habari za Serengeti na bahari, lakini ninachokisikia ni hofu mbili: kutapeliwa fedha ambazo watu wamewachangia, na kurudi kazini mmechoka kuliko mlivyoondoka. Zote zina msingi. Ngoja nianze na huyo mliyemwona mmbea, maana kati ya wote uliowataja ni yeye tu aliyekuwa ameshaanza kazi.

Mimi nilipoingia kwenye shughuli hii ya uwakala wa safari nilikuwa nauza kwa picha. Walinijia maharusi kutoka Dodoma, wote wawili bahari wanaijua kwenye kalenda, na bibi harusi alikuwa ameshona gauni jeupe jepesi la kupigia picha majini. Nikawapeleka pwani ya mashariki ya Unguja. Hoteli safi, na kwenye picha zake maji yamefika mpaka kwenye ngazi. Asubuhi ya kwanza, saa nne, simu ikaita. "Mama, bahari imeenda wapi?" Nilidhani utani. Akanieleza kwamba mbele yao ni mchanga na majani mpaka macho yanapoishia, mawimbi wanayasikia kwa mbali kwenye mwamba, na kina mama wanapita mbele ya chumba na magunia ya mwani kichwani. Sikuwa na jibu kwa sababu sikuwahi kulala pale hata usiku mmoja. Hoteli haikukosea kitu. Niliyekosea ni mimi, na tangu siku ile siuzi mahali ambapo sijalala.

Kilichowapata ni hiki. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Sasa, kule mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, chini ya bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba, kwa hiyo kina kikipungua kidogo tu, maji yanakwenda zake mbali. Nungwi na Kendwa, kule ncha ya kaskazini, kina kinashuka haraka. Maji yakipwa unaongeza hatua chache na bado unaogelea. Halafu kuna jambo ambalo mvuvi yeyote wa Unguja atakwambia bila kufikiri: siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Ndiyo maana simu yangu iliita saa nne. Wale maharusi niliwapeleka mwezi mpevu, kila wakimaliza chai bahari haipo.

Chukua tarehe zako mwenyewe. Mwezi utaandama karibu na tarehe 9 Novemba, utakuwa nusu tarehe 17 na mpevu tarehe 24. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Mkifika Unguja tuseme Alhamisi tarehe 19, yatajaa kuelekea saa sita mchana. Kufika Jumatatu tarehe 23 yatakuwa yanajaa baada ya saa tisa. Ni siku nzuri kwenu. Hata mkilala mashariki mtapata maji mchana, na asubuhi za mwisho mtatembea kwenye mchanga mtupu kuangalia mashamba ya mwani, jambo ambalo mtu aliyelijua mapema hulifurahia sana. Ni lilelile lililomliza bibi harusi wangu, tofauti ni kwamba yeye hakuambiwa.

Kwa hiyo yule aliyeuliza nani anaogopa maji hakuwa anachunguza maisha yenu. Alikuwa anachagua kati ya Nungwi na Jambiani. Aliyeuliza mnalala saa ngapi anajua kwamba mbugani siku huanza saa kumi na mbili asubuhi geti linapofunguliwa, na mtu wa kulala mpaka saa tatu atalipia simba asiowaona. Aliyeuliza nani amechoka zaidi anataka kujua mapumziko yatangulie au safari itangulie. Huyo rudini kwake. Mpelekeeni majibu ya kweli, pamoja na kiasi cha fedha mlicho nacho, kamili. Watu huficha bajeti wakidhani wakitaja milioni tano wataambiwa bei ni milioni tano. Wakala mbaya atafanya hivyo hata usipomtajia. Mzuri, usipomtajia, atakupangia hewa.

Sasa cha juu. Rafiki yako amesema kweli nusu. Ni kweli wakala hali hewa. Lakini kwa kawaida hoteli ina bei mbili: ile inayotangazwa kwa kila mtu, na ile ya mkataba inayopewa wakala, ambayo huwa chini kwa asilimia 10, 15, hata 20 na zaidi kutegemea hoteli na msimu. Faida ya wakala hutoka kwenye pengo hilo. Mara nyingi wewe unalipa kilekile ambacho ungelipa ukibuku mwenyewe, na ile mitandao mikubwa ya kubuku nayo inachukua kamisheni yake hapohapo, ila haikuoneshi. Wapo wanaoongeza juu ya bei ya kutangazwa, ndiyo, na kuwagundua ni rahisi: pigia hoteli, uliza bei ya tarehe zenu, linganisha. Wapo pia wanaotoza ada ya kupanga waziwazi, na mimi sioni ubaya, ilimradi iandikwe.

Ambacho rafiki yako hajui ni bei ya wakazi. Hoteli nyingi za Zanzibar na loji za mbugani zina bei ya Watanzania na wakazi wa Afrika Mashariki, ambayo iko chini ya ile ya mgeni, na mara nyingi kwenye mitandao ya kimataifa haionekani kabisa. Unafungua simu, unaona dola, unakata tamaa au unalipa bei ya Mjerumani. Wakala wa hapa nyumbani anatakiwa kuiomba kabla hujafungua mdomo. Asipoitaja, muulize, na siku ya kuingia mbebe vitambulisho vya taifa. Mbugani ni hivyohivyo: kiingilio cha mwananchi ni cha shilingi na ni sehemu ndogo mno ya dola anazotozwa mgeni. Kinachokula fedha Serengeti kwa mtu kama wewe ni gari, mafuta, dereva na kitanda.

Na hayo maua ya kitandani! Hoteli nyingi zikijua mapema kwamba wageni ni maharusi huweka maua, matunda, pengine chakula kimoja cha usiku ufukweni, na chumba kizuri zaidi kikiwa wazi, bure. Zingine zinataka nakala ya cheti cha ndoa na mlale usiku kadhaa. Pakeji inayotaja maua kwanza na jina la chumba mwisho inakuuzia zawadi ya mwenye hoteli.

Nikirudi kwenye Serengeti, hapo nimeshika kichwa. Binti wa Mwanza anauziwa Serengeti kupitia Arusha! Kutoka Arusha mpaka Seronera, katikati ya hifadhi, ni kilomita zaidi ya 300, siku nzima ya gari, na unapita ndani ya Ngorongoro ambayo ni mamlaka nyingine yenye kiingilio chake. Hapo bado hujahesabu kufika Arusha kwenyewe. Nyinyi mnakaa kwenye mlango wa nyuma wa hifadhi. Shika barabara ya Musoma, pita Magu, fika Lamadi; geti la Ndabaka liko hapo, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini. Ndani ya geti hilo ni ukanda wa magharibi, wenye mto Grumeti na mamba wake, twiga, pundamilia, na mbega kwenye miti ya mtoni. Mwandika pakeji ameichapa moja kwa watu wote, wa Dar, wa Nairobi na wa Mwanza. Hakuna aliyekaa akajiuliza wewe unatoka wapi.

Kuna mambo mawili lakini, nisikudanganye. La kwanza, Novemba ni mvua za vuli, na udongo wa magharibi ni ule mweusi wa mbuga, ukilowa unashika tairi kama ugali wa muhogo. Taksi ya mjomba haitafika popote. Ni gari la magurudumu manne yanayovuta yote, na dereva aliyezoea njia hiyo, siyo aliyezoea Serengeti ya upande wa Arusha. La pili, makundi makubwa ya nyumbu wanaovuka mto Mara ni habari ya Julai hadi Oktoba kule kaskazini. Novemba wanashuka kusini kufuata majani mabichi, hawako Ndabaka. Mtu akiwaahidi nyumbu wanavuka mto mwezi wa harusi yenu, muageni kwa adabu.

Jumapili alfajiri sasa. Mwanangu, umewahi kuona harusi ya Mwanza ikiisha saa nne usiku? MC atapiga porojo, keki itakatwa saa tano, zawadi zitapangwa foleni, mama mkwe atataka kukuaga chumbani na kulia kidogo, na ukifika kitandani ni saa nane. Kisha saa kumi na moja uwe uwanja wa ndege na pini bado zimo kichwani? Nimeona bwana harusi amelala kwenye viti vya uwanja mpaka ndege ikamwacha, na tiketi ya bei rahisi huwa hairudishwi. Fungate ya wazee wa pwani ilikuwa siku saba za kukaa ndani, maharusi wanapikiwa na kutunzwa, hakuna aliyepanda chombo. Hicho kipande cha kukaa ndani msikiruke. Jumapili laleni. Chukueni chumba hapohapo Mwanza, upande wa Capri Point mkiweza, kinachotazama ziwa, na simu mzizime.

Mngekuwa wanangu, ningepanga hivi. Jumapili na Jumatatu mapumziko Mwanza. Mkichoka kulala, Jumatatu alasiri mchukue boti mpaka kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa na kiko dakika chache kutoka mjini. Jumanne mchana mwende Lamadi, mlale nje ya geti ambako vitanda ni vya bei ya kawaida. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi muingie Ndabaka, mshinde humo mchana kutwa na chakula cha kufungasha, mtoke kabla geti halijafungwa saa kumi na mbili jioni. Bwana harusi amepata Serengeti yake bila loji ya ndani na bila Arusha. Usiku huo mnalala Mwanza. Alhamisi ndege ya asubuhi kwenda Dar, siyo ya jioni, ili muwahi boti ya mchana. Boti ni kama saa mbili, na kutoka bandarini Unguja hadi Nungwi ni zaidi ya saa moja kwa gari. Usiku nne, Jumatatu mnarudi.

Milioni tano zinabeba mpango huo, hoteli ikiwa ya wastani na nzuri. Hazibebi loji za katikati ya Serengeti na Zanzibar ya kifahari kwa wiki moja, na anayesema zinabeba atapunguza kitu ambacho utakigundua ukishafika. Kama kuna kitu lazima kiachwe, mimi ningeacha Serengeti, tena bila huruma: iko saa mbili kutoka nyumbani kwenu, mtaifuata Pasaka au mwaka wa kwanza wa ndoa, pengine na mtoto mgongoni. Mwenzako anaweza kuona tofauti na ana haki. Mzungumze kabla ya kwenda kwa wakala, maana wakala akiona mnavutana mbele yake atawauzia vyote viwili nusunusu.

Kuna pia wazo la rafiki yako, kujibukia wenyewe. Kwa Zanzibar peke yake, chumba kimoja, usiku nne, mnaweza kabisa, na sitakuambia unahitaji mtu. Wakala anastahili fedha yake pale vipande vinapogusana: gari la Ndabaka likichelewa, ndege ikihamishwa saa, boti ikijaa, nani anapiga simu? Ukijibukia, ni wewe, siku yako ya tano ya ndoa.

Fedha za kamati ni mtihani wa peke yake. Umeandika "imeahidi". Ahadi si mfukoni. Hoteli inataka malipo ya awali wiki nyingi kabla, kamati inahesabu michango wiki ya mwisho. Mwende kwa mweka hazina sasa, muombe angalau sehemu ya kubukia itoke mapema, na mpangilio wa kwanza ujengwe juu ya fedha iliyopo, siyo inayokuja.

Kabla ya kutoa shilingi, nendeni ofisini kwa miguu, wote wawili. Hili halifanyiki kwenye simu. Kampuni inayouza safari za mbugani inatakiwa iwe na leseni ya utalii, ile watu wanayoiita TALA, na iliyosajiliwa Zanzibar iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii kule. Ombeni kuiona, angalieni mwaka. Ankara iwe na jina la kampuni, na jina linalotokea kwenye simu unapolipa liwe hilohilo. Likitokea jina la mtu binafsi, simamisha. Risiti ya EFD mpewe. Vigezo vya kuahirisha na kurudishiwa viandikwe, maana misiba huja hata wiki ya harusi. Na siku tatu baada ya kulipa malipo ya awali, pigia hoteli mwenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uliza kama kuna chumba kwa majina yenu. Mtapeli hapiti hapo. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, siyo taslimu getini, kwa hiyo na chenyewe kina risiti yake, iombeni.

Tiketi ikatwe kwa jina lililoko kwenye kitambulisho chako cha leo. Usianze kujiita jina la mume kwenye ndege kabla NIDA hawajajua.

La mwisho ni letu wanawake, na wakala hata akiuliza maswali mia hili hataligusa. Hesabu siku zako za mwezi mpaka wiki hiyo. Kama zinaangukia fungate na unataka zisogee, muone daktari wiki kadhaa kabla, usinunue vidonge dukani siku mbili kabla ya harusi kwa ushauri wa shoga. Ukiwa na pumu, presha, au unahisi huenda una mimba, mueleze daktari njia yote, Ndabaka kwa gari la kurukaruka na boti yenye mawimbi. Mkitamani kuzamia na mitungi ya hewa Nungwi, msirudi kwa ndege siku hiyohiyo. Baada ya kuzamia mwili unahitaji takriban saa 18 au zaidi kabla ya kupaa. Kupiga mbizi kwa miwani na kijiti cha kupumulia hakuna sharti hilo.

Ukirudi kwa yule mmbea, muulize kitu kimoja: "Tarehe 19 hadi 23 Novemba, maji yatajaa saa ngapi mbele ya hoteli unayotupeleka?" Akisema ngoja niangalie jedwali, kaa chini. Akisema bahari ipo muda wote, niandikie kabla hujalipa.